Lulimba: Mtoto anajua kupanda kinga, lakini anajua barabara?

Vakansi kubwa ikifika, mwezi wa 7 na wa 8, masomo yanakuwa yamefungwa na kiangazi kimekausha njia za Lulimba. Ndicho kipindi ambacho watoto wengi wanajifunza kupanda kinga. Si kwamba wamenunuliwa ya kwao. Wanachukua ya baba, ya mjomba au ya kaka mkubwa wakati mwenyewe anapumzika, wanaisukuma hadi kiwanja cha mpira, mmoja anapanda na wengine wanakimbia nyuma yake. Baada ya siku chache za kuanguka na kuinuka, mtoto anaweza kwenda mita 50 bila kugusa chini. Nyumbani wanasema: huyu amekwisha kujua.

Shida inaanza hapo. Tangu siku hiyo mtoto anatumwa. Apeleke muhogo kwenye mashine, alete bido ya maji, amfuate mama sokoni. Anaingia kwenye barabara ile ile ya motari wanaokimbilia Misisi na ya malori yaliyojaa mizigo na watu juu. Mtoto huyu amejifunza jambo moja tu, yaani kuzuia kinga isianguke. Hajajifunza kusimama ghafula, hajajifunza kuangalia nyuma, hajajifunza kubeba mzigo. Kila moja kati ya hayo inafundishwa peke yake, na kwa wakati wake.

Kinga si mchezo hapa kwetu

Lulimba iko katika sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi, juu ya barabara ya kitaifa nambari 5 inayotoka upande wa Kalemie na kupanda kuelekea Fizi, Baraka na Uvira. Kwenye njia hiyo kinga, au baiskeli kama wanavyosema wengi waliokaa Tanzania, ni chombo cha kazi. Inabeba mafuta ya mawese, mahindi, unga na mgonjwa anayepelekwa hospitalini. Kwa jamaa isiyokuwa na moto, ndiyo gari lao.

Kwa hiyo mtoto wa Lulimba hajifunzi kinga kwa kujifurahisha tu. Anajifunza kitu ambacho kesho kitamfikisha masomoni na kumpa kazi. Ndiyo sababu inafaa kumfundisha vizuri. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema watu karibu milioni 1.19 wanakufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kwa nini kinga inasimama

Watu wengi wanaamini kwamba siri ya kinga ni kukanyaga pedali. Siyo. Siri iko kwenye gido. Kinga ikianza kuinamia kushoto, mpandaji anageuza gido kidogo kushoto, magurudumu yanarudi chini ya uzito wake na kinga inasimama tena. Ikiinamia kulia, anafanya vile vile kulia. Mtu aliyezoea anafanya hivyo mara nyingi kwa kila dakika bila kujua. Mtoto anayeanza anafanya kinyume: kinga ikiinama anaogopa, anakaza mikono na kuvuta gido upande mwingine. Hapo anaanguka.

Historia inatoa somo. Mwaka 1817, Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kimoja mbele na kingine nyuma, bila pedali yoyote. Mtu alikaa juu na kusukuma chini kwa miguu kama anayekimbia. Pedali zilikuja katika miaka ya 1860 kule Ufaransa. Maana yake, watu walijua kusimama juu ya magurudumu mawili zaidi ya miaka 40 mbele ya kujua kukanyaga. Kule Kivu ya Kaskazini vijana wa chukudu wanafanya vivyo hivyo hadi leo: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma chini, na mzigo unateremka kwenda Goma. Chukudu haina pedali, lakini anayeiendesha anajua kusimama vizuri kuliko wengi.

Mtoto pia anapashwa kufuata njia hiyo. Asimame kwanza, akanyage baadaye.

Hatua ya kwanza: kutoa pedali

Kama jamaa imepata kinga ndogo, hata iliyochakaa, fundi wa kinga anaweza kutoa pedali zote mbili kwa dakika chache. Kwa kinga nyingi ufunguo nambari 15 unatosha. Kuna jambo moja linalowachosha watu na kuharibu vyuma: pedali ya kulia inafunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa, kama parafujo za kawaida, lakini pedali ya kushoto inafunguliwa kwa kufuata mshale wa saa. Anayelazimisha ya kushoto kama ya kulia anaikaza zaidi.

Kisha kiti kinateremshwa mpaka mtoto akikaa, nyayo zote mbili ziguse chini. Si vidole tu, nyayo zote. Mtoto anayejua kwamba anaweza kuweka mguu chini wakati wowote haogopi, na asiyeogopa hakazi mikono.

Mahali pazuri ni kiwanja kigumu chenye mteremko mdogo sana, mbali na barabara. Kwanza mtoto atembee akiwa amekaa kwenye kiti. Kisha asukume kwa miguu yote miwili na kuiinua kidogo. Siku ya kwanza atainua kwa mita mbili au tatu. Siku zinazofuata atafika 10, kisha 20. Akifika hapo na kugeuka kulia na kushoto bila kugusa chini, pedali zirudishwe. Watoto wengi wanashangaa: wanakanyaga na kwenda siku ile ile.

Mzazi anayesaidia asishike gido. Akishika gido, ni yeye anayesimamisha kinga na mtoto hajifunzi kitu. Amshike mtoto mwenyewe, mabegani au chini ya makwapa, kwa mkono mwepesi, na kupunguza nguvu kidogo kidogo. Macho ya mtoto yatazame mbele, kama mita 10, si gurudumu. Mtoto anayetazama jiwe analigonga jiwe.

Kama kinga iliyopo ni ya baba tu

Hivi ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Kinga ni moja, kubwa, nyeusi, ya chuma kizito, na kiti chake hata kikiteremshwa kabisa bado ni kirefu kwa mtoto wa miaka 8. Watoto wamepata ujanja wao: wanapitisha mguu mmoja chini ya bomba la kati na kukanyaga wakiwa wamejipinda upande. Vizazi vingi vimejifunza hivyo. Lakini mtoto aliyejipinda vile hawezi kuruka haraka, na mara nyingi vidole vyake havifiki vizuri kwenye freni.

Kuna njia iliyo salama zaidi. Mtoto asimame upande wa kushoto wa kinga, aweke mguu wa kushoto juu ya pedali ya kushoto, na kusukuma chini kwa mguu wa kulia, kama mtu wa chukudu. Mwili wote uko upande mmoja, na kinga ikiyumba anashuka tu na kutembea. Kwa njia hiyo anajifunza gido na freni bila kupanda juu. Kuvusha mguu kungoje mpaka awe mrefu vya kutosha: akikaa kwenye bomba au kwenye kiti, angalau mguu mmoja uguse chini bila kuinamisha kinga sana.

Kuhusu nguo, cheni iko upande wa kulia, kwa hiyo suruali pana ikunjwe mguu wa kulia. Kikwembe au rinda refu lifungwe lisifikie gurudumu la nyuma. Nguo ikinaswa, kinga inasimama papo hapo na mtu anatupwa.

Freni inafundishwa mbele ya mwendo

Kinga nyingi za mizigo zinatembea bila freni, na mwenyewe anasimama kwa kukandamiza sandali kwenye mpira. Mtu mzima amezoea. Mtoto asifundishwe juu ya kinga hiyo. Kama freni ya mbele au ya nyuma haifanyi kazi, fundi aiangalie kwanza. Kurekebisha freni kunahitaji pesa kidogo kuliko kutibu mguu uliovunjika.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Chora mstari kwenye udongo. Mtoto aje kwa mwendo wa pole pole na kusimama kabla ya mstari. Akiweza, aongeze mwendo. Atajionea mwenyewe jambo ambalo maneno hayawezi kulieleza vizuri: ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama haiongezeki mara mbili tu, inakaribia mara nne.

Atumie freni zote mbili, akianza na ya nyuma kidogo. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini kuikamata peke yake kwa ghafula, hasa katika mteremko au juu ya changarawe, kunaweza kumpindua kichwa mbele. Wakati wa mvua, au akitoka kuvuka maji, chuma cha gurudumu kinakuwa kimelowa na freni hazishiki. Afinye freni pole pole kwa mita chache ili zikauke, ndipo aende.

Mchanga mkavu nao una kanuni yake. Asikate kona ndani yake, asikamate freni ya mbele, aendelee kukanyaga taratibu hadi atoke. Na kwenye kona yoyote, pedali ya upande anaokatia iwe juu, isije ikagonga chini.

Kulia, si kushoto

Kuna jambo la pekee kwa Fizi. Watu wengi wa hapa waliishi Tanzania wakiwa wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996, na tangu mwaka 2005 maelfu walirudi kwa mashua kupitia Baraka. Vijana na watoto waliozaliwa au kukulia kule walijifunza baiskeli kule. Na Tanzania watu wanapita upande wa kushoto.

Kongo tunapita upande wa kulia, kama Burundi. Ndivyo sheria ya barabara ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978 inavyofuata. Mtu anaweza kulijua hilo kichwani, lakini hatari ikitokea ghafula mwili unafuata mazoea ya kwanza. Motari anakuja mbele, yeye anakata kulia, mpandaji aliyezoea Tanzania anakata kushoto, na wote wawili wanakutana mahali pamoja.

Kwa hiyo aliyerudi kutoka Tanzania, awe mtoto au mtu mzima, anapashwa kufanya mazoezi upya kwenye kiwanja: chora barabara, mwingine aje mbele yake, na kila mara akimbilie kulia. Yafanyike mara nyingi mpaka mkono uende wenyewe. Tena, mkubwa aliyejifunza kule asimfundishe mdogo wake barabara kabla hajajizoeza.

Kukata kushoto ndiko kwenye hatari zaidi hapa kwetu, kwa sababu unavuka njia ya wanaokuja mbele na ya wanaotaka kukupita. Mtoto asikate kushoto akiwa juu ya kinga kwenye barabara kubwa. Ashuke kando, upande wa kulia, aangalie pande zote mbili, na kuvuka akiisukuma.

Kuangalia nyuma pia kunafundishwa. Mtoto akigeuza kichwa, mikono inafuata na kinga inakwenda katikati ya barabara. Kwenye kiwanja, mzazi akae nyuma na kuinua vidole. Mtoto aangalie na kutaja ni vingapi, huku kinga ikienda sawa. Akiweza hilo, ajifunze kunyoosha mkono mmoja upande anaotaka kukata.

Mzazi akumbuke pia jambo lisilotegemea akili ya mtoto. Watoto wengi wenye chini ya miaka kama 10 bado hawapimi vizuri mwendo wa kitu kinachokuja. Wanaona moto iko mbali, hawaoni kwamba inakimbia. Mtoto wa miaka 7 anaweza kupanda kinga vizuri kuliko baba yake na bado asifae kuachwa peke yake kwenye barabara kubwa. Na usiku, kinga isiyokuwa na taa haionekani katika vumbi la lori. Mtoto asitumwe nayo giza likiingia.

Mzigo ni somo la mwisho

Bido ya lita 20 ya maji ina kilo 20. Ya mafuta ya mawese inakaribia kilo 18. Ikiwekwa nyuma ya mtoto wa kilo 30, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na gido linaanza kutetemeka. Ikiwekwa juu sana, kinga inainama haraka kuliko mtoto anavyoweza kuirudisha. Maji yakiwa nusu bido ni shida nyingine, kwa sababu yanacheza huku na huku na kuvuta kinga pamoja nayo.

Kinga yenye mzigo inachelewa pia kusimama. Ile nafasi ambayo mtoto aliizoea kwenye mstari wa kiwanjani haitoshi tena. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa mbali, wakiwa na mzigo mkubwa, wanasukuma kinga kwa miguu. Si kwamba hawajui kupanda. Wanajua sana.

Kijana aanze na mzigo mdogo, uliofungwa chini na wenye uzito sawa pande mbili, kwa mfano bido mbili za lita 5, moja kila upande, zikiwa zimejaa. Arudie mazoezi ya freni na ya kona akiwa nao. Mzigo ukizidi nguvu yake, asukume. Kumwambia mtoto kwamba kusukuma si aibu ni sehemu ya kumfundisha.

Mtoto anayebebwa nyuma

Ajali moja inajulikana sana mahali popote penye kinga nyingi: mguu wa mtoto anayebebwa nyuma unaingia katika nyaya za gurudumu. Kisigino na kifundo vinabanwa kati ya nyaya na chuma. Mtoto mdogo sana anachoka, anasinzia, na mguu unaning'inia. Asiyeweza kukaa kwa kujishika na kutanua miguu mwenyewe asibebwe nyuma peke yake. Kwa wengine, vipande viwili vya chuma vya kukanyagia, au ubao mwepesi unaofunika upande wa gurudumu, vinazuia jambo hilo. Fundi anaweza kuvitengeneza kwa vyuma vya kinga ya zamani.

Ikitokea, kinga isimamishwe mara moja. Mguu usivutwe kwa nguvu: gurudumu lirudishwe nyuma pole pole, au nyaya zikatwe. Kidonda kioshwe kwa maji safi mengi, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kituo cha afya hata kama kinaonekana kidogo. Ngozi iliyopondwa mara nyingi inaonyesha ubaya wake baada ya siku kadhaa. Muuguzi ataangalia pia chanjo ya tetanosi, ile wengine wanaiita pepopunda.

Kwa kichwa, kaske inapunguza hatari ya majeraha makubwa. Ya mtoto inapashwa kumkaa sawasawa: ya mtu mzima inayozunguka kichwani inamziba macho.

Wasichana nao

Kwenye viwanja vingi wanaojifunza ni wavulana. Wasichana wanasukuma, wanacheka, kisha wanarudi jikoni. Wengine husema msichana akipanda kinga ataharibika mwili au hatazaa. Kupanda kinga hakumzuii mwanamke kuzaa. Kinachobaki ni desturi, na desturi hiyo ina gharama: msichana anayekaa mbali na masomo anachelewa kila asubuhi, na mama anayejua kinga anaweza kufikisha mtoto mgonjwa kwa muuguzi bila kungojea mwanaume arudi shambani. Mahali ambapo wazazi wanaogopa macho ya watu, wasichana wanaweza kujifunza pamoja, saa za asubuhi, na shangazi au dada mkubwa akiwa karibu.

Woga hautolewi kwa kofi

Mtoto anayeanguka na kinga ya baba anaogopa mambo mawili: maumivu, na baba. Akigombezwa kwa sababu ya pedali iliyopinda, kesho ataiiba kinga na kwenda kujifunza mahali ambapo hakuna mkubwa anayemwona, mara nyingi barabarani. Ni bora ajue kwamba anaweza kuiomba, saa fulani, mahali fulani. Masomo yawe mafupi, dakika 20 au 30, na yaishie pale alipofaulu jambo moja. Asilinganishwe na mdogo wake aliyejua haraka.

Kabla ya kumtuma mtoto kwenye barabara kubwa, mzazi amwone kwanza kwa macho yake kiwanjani. Asimame kwenye mstari aliochorewa akiwa na mwendo. Aangalie nyuma bila kuyumba. Apite na mkono mmoja. Akimbilie kulia bila kuambiwa. Ashuke na kuvuka kwa miguu. Aseme mwenyewe kama freni zinashika na mipira ina hewa ya kutosha. Likikosekana moja, bado kiwanja kiko pale, na vakansi ni ndefu.